Tepu ya Nne

3 Februari

Shemeji Msumari,

Kwanza mwambie dada yangu asikunje uso akiiona bahasha hii. Najua anaujua mwandiko wangu, na anajua barua yangu maana yake ni kelele. Mwambie safari hii kelele nyingi zitakuwa huku kwangu, kwake itabaki robo tu.

Bwana Sahani, mtoa santuri wetu, amekubali. Albamu ya pili ya bendi yetu, Vumbi Zito, itatoka mwaka huu, santuri kamili, pande mbili, nyimbo nne. Anasema ile ya kwanza bado inaagizwa na watu wasiojua hata neno moja la lugha yetu, na wote wanauliza swali moja: nyingine lini? Nikamwambia nyingine ingetoka zamani kama sisi wanne tungeweza kukaa chumba kimoja wiki mbili bila kununiana. Hiyo ndiyo shida ya kuokota viongozi wanne kutoka bendi nne ukawafanya bendi moja. Fahali wawili hawakai zizi moja, na sisi tulikuwa fahali watatu na mtamba mmoja mwenye gitaa. Unakumbuka Nanga alivyobeba besi yake akarudi kwenye tanuri lake la mikate, kwa sababu tu Padri alimwambia anaharakisha? Mtu wa kilo mia na kumi, analia barabarani mchana kweupe. Na Padri naye, kupiga kinanda kanisani miaka sita kukamfanya ajione ana ufunguo wa mbinguni.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Wewe rekodi dramu peke yako, nyuma ya karakana, kwenye kile chumba ulichokibandika sponji za makochi mabovu. Nitumie tepu kwa basi. Sisi watatu tutaweka gitaa, besi na kinanda juu ya dramu zako, kila mtu na siku yake, asikutane mtu na mtu. Nyimbo zote nne ni mapigo hamsini na manane kwa dakika. Ni polepole mno, najua, lakini ndiyo kazi yetu: muziki mzito, wa taratibu, mpaka anayesikiliza aone ukuta unapumua. Washa kile kidude chako cha tiktik, kiweke hamsini na nane, usikiache.

Nimekupigia simu mara nne, hupokei. Ndiyo maana naandika kama watu wa zamani.

Shemeji yako,
Mwalimu
(hesabu Jumatatu hadi Ijumaa, gitaa Jumamosi)


24 Februari

Mwalimu,

Tepu ya kwanza hii hapa. Nimeizungushia sponji isije ikapondwa na magunia ya watu kwenye basi.

Simu usinisumbue nayo. Upande mmoja kuna cherehani ya dada yako, upande wa pili nyundo yangu, sisikii kitu, na nikisikia mimi, wewe hunisikii. Barua ni nzuri. Barua haimkatizi mtu.

Kidude cha tiktik nimekizima. Nilianza nacho kikaniudhi. Kilikuwa kinatangulia mbele yangu, kinanivuta kama mtoto anayemvuta mzazi dukani. Nikaamua kupiga kwa moyo wangu. Kama haikupendeza sema, nitarudia.

Huku nina viti vya wakili mmoja, kumi na viwili, ngozi nyeusi, kila kimoja misumari ya vichwa vya shaba mia moja na ishirini. Zamani hiyo ni kazi ya wiki mbili. Safari hii mwezi umekwisha na nimefika kiti cha tano. Wakili ni mtu mpole. Dada yako anasema nazeeka. Namwambia fundi mzuri hana haraka, anacheka, lakini si sana.

Msumari


6 Machi

Shemeji,

Umetuweza.

Nilisema watu wasikutane. Nimesikiliza tepu yako dakika tatu nikawaita wote wawili siku hiyo hiyo. Nanga alikuja na unga mikononi. Padri alikuja na uso wa kutafuta kosa. Tumekaa watatu kwenye sakafu ya sebule yangu, dakika zote kumi na moja za wimbo. Padri alivua miwani. Wewe unajua Padri havui miwani hata akioga.

Mimi, kwa kuwa nina ugonjwa wangu, nilitoa saa nikapima. Hukuanza na hamsini na nane. Umeanza na hamsini na mbili, na kuanzia hapo unashuka. Kidogo, kidogo, mpaka mwisho uko arobaini na nne, na sikio halijui ni lini umeshuka. Nimechora grafu, nimeitia humu ndani uione. Angalia huo mstari. Ningetaka kuuchora kwa makusudi nisingeweza. Nimewapa hata kidato cha tatu kama zoezi: mpiga dramu anaanza na mapigo haya, anamaliza na haya, tafuta mteremko. Mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, huyu mtu anachoka?" Nikamwambia huyu mtu hachoki, huyu mtu ni msanii, kaa chini.

Nyimbo mbili zinazofuata zishushe zaidi. Usituhurumie. Bendi zote duniani zinagombania kwenda mbio, wewe umegundua upande wa pili.

Ila shemeji, hizo herufi. Umeandika ndogo kama chawa, na kadiri ukurasa unavyoshuka ndivyo zinavyozidi kuwa ndogo. Karatasi imepanda bei huko? Nitakutumia daftari.

Mwalimu


29 Machi

Mwalimu,

Tepu ya pili na ya tatu.

Ndiyo, niliamua. Nilitaka wimbo uzame taratibu, mtu asijue amezama. Nimefurahi mmelielewa.

Herufi ni kalamu mpya, ncha yake nyembamba. Grafu nimeipokea.

Msumari


14 Aprili

Shemeji,

Ya pili inaanzia arobaini na nane. Ya tatu nimeshindwa hata kuipima, saa yangu imeona aibu. Nanga anasema ilibidi ajifunze upya kupumua ili aweze kuweka besi. Na unajua nini? Wamerekodi pamoja, yeye na Padri, siku moja, chumba kimoja. Padri akamkaribisha chai. Nilitoka nje nikae peke yangu, maana nilihisi machozi.

Sasa habari kubwa. Bwana Sahani amezisikia zote tatu, amechanganyikiwa. Anataka tupande jukwaani. Matamasha kumi na mawili, kuanzia mwezi wa tisa, miji kumi na miwili, na kwenye tangazo ameandika maneno yake mwenyewe: "Bendi inayokwenda polepole kuliko zote." Nimemwambia ndiyo kwa niaba yako. Nilijua ungesema ndiyo.

Kilichobaki ni tepu ya nne. Ule mrefu, dakika kumi na tisa, unaofunga albamu, na mwishoni kabisa lile pigo moja ambalo wote tunaliangusha pamoja. Iko wapi? Wiki mbili zimepita tangu ulete zile mbili. Bwana Sahani ananiuliza kila siku, na mimi namjibu kwamba haraka haraka haina baraka, lakini methali nayo inachoka.

Mwalimu


3 Mei

Mdogo wangu,

Mimi si mtu wa barua, mimi ni mtu wa kushona, kwa hiyo nisamehe nikienda mzobemzobe. Shemeji yako hajui kama naandika. Akijua atanuna, na anune. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sitaki kuumbuliwa.

Anaumwa. Ilianza mwaka jana, kidole gumba cha kulia, kinatetemeka akiwa amekaa tu hafanyi kitu. Tukasema ni nyundo. Halafu ikaja misumari. Unamjua anavyofanya kazi, anaweka misumari kumi mdomoni, anautoa mmoja kwa ulimi, nyundo mara mbili, umeingia. Jina amelipata hapo. Sasa nikiwa kwenye cherehani yangu naisikia ile nyundo. Mara tano, mara sita, kimya, na nikigeuka namwona ameinama anautafuta chini. Simu hapokei kwa sababu sauti yake imekuwa ndogo, maneno yanashikana, na hataki wewe uyasikie. Mwandiko nao si kalamu. Daktari wa neva alimpa karatasi, akamwambia aandike sentensi moja mara tano, akaiangalia tu ile karatasi akajua.

Daktari anasema ubongo unachelewa kuupa mwili agizo. Ugonjwa wenyewe hauponi. Kuna vidonge, vinasaidia kwa saa chache, halafu mwili unarudi kugoma.

Sasa sikiliza. Kwenye zile tepu mnazozisifia, hakuamua kitu. Alikizima kile kidude kwa sababu alishindwa kukifuata. Nilikuwa nje ya mlango. Alijaribu mara kumi na nne, nilihesabu, ya kumi na tano akakizima. Barua yako ilipokuja, ile yenye grafu, aliisoma akacheka peke yake, halafu akaichukua grafu akaipigilia ukutani, juu ya meza ya kukatia ngozi. Ilimchukua misumari minne na nusu saa. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, sijawahi kumwona amejivuna vile. Ndiyo maana nilinyamaza.

Lakini sasa umemuahidi miji kumi na miwili. Na tepu ya nne haimalizi. Anafika dakika ya tano, ya sita, mguu unakataa. Anatoka anasema sponji za ukutani zimeota unyevu. Nimezishika kwa mkono wangu, ni kavu. Jana alikaa mle ndani hadi jioni bila kupiga hata pigo moja.

Sijui nikuombe nini. Wewe ndiye mwenye shule. Mtoe kwenye shimo hili, lakini usimwambie ni mimi.

Dada yako


10 Mei

Shemeji,

Pole sana. Najua. Usiniulize nimejuaje.

Nimeona haya tangu juzi, sijui pa kuuweka uso. Nilikwambia ushuke zaidi. Nilikwambia usituhurumie. Nimewaambia Nanga na Padri, na wote wanakupa pole. Nanga ameunguza mikate ya siku nzima.

Usiwe na wasiwasi wowote. Matamasha nimeyafuta, nimemwambia Bwana Sahani nina mitihani ya wanafunzi. Kuhusu zile tepu tatu, hapa kuna fundi wa studio mwenye mashine ya kunyoosha mapigo. Anaweza kuzivuta zote zikarudi hamsini na nane, zikasimama wima, hakuna atakayejua kulikuwa na tatizo. Wimbo wa nne tutaufanya bila dramu, au tutaazima mtu. Jina lako litabaki palepale, la kwanza kabisa. Wewe pumzika tu, ujitunze, umsikilize daktari.

Tunakupenda.

Mwalimu


19 Mei

Mwalimu,

Dada yako hajaniambia kitu. Lakini ameniletea chai mara tatu asubuhi moja bila kuombwa, nikajua amenisema kwa mtu.

Naandika hii kwa siku mbili, kwa hiyo isome yote.

Kwa ugonjwa nilikuwa nimejiandaa. Kwa barua yako sikujiandaa. Machi uliniandikia kwamba Padri alivua miwani. Mei unaniandikia kwamba zinyooshwe. Tepu ni zile zile, Mwalimu. Haziumwi. Ninayeumwa ni mimi.

Nilidanganya, nakubali. Nilisema niliamua, na sikuamua. Mkono ulikwenda unavyotaka nikaufuata nyuma, na nilipomaliza nilikaa pale kwenye kigoda nikasubiri barua yako ya kunifukuza. Ikaja grafu. Nikaona basi, pengine huu mwili unajua kitu ambacho mimi sikijui. Nikadanganya kwa sababu nilitaka kukaa ndani ya sifa ile japo mwezi mmoja. Hilo ndilo kosa langu na naomba radhi, kwako na kwa wenzangu.

Lakini wewe ni mtu wa hesabu, nijibu swali moja. Ilikuwa nzuri au haikuwa nzuri? Kama ilikuwa nzuri, inanyooshwa nini? Kama haikuwa nzuri, mlinisifia nini? Nataka jibu moja tu, na usilipake asali.

Pole usinipe. Pole ninayo gunia zima, kila mteja akija anaacha yake. Daktari mwenyewe aliniambia, katika kunifariji, kwamba ugonjwa huu unakwenda polepole. Nikamwambia basi umekuja kwa mtu sahihi. Yeye alicheka. Dada yako hakucheka.

Grafu nimeibandua.

Msumari


28 Mei

Shemeji,

Swali lako nimelala nalo siku tano, kwa hiyo ukiona jibu limechelewa usiseme nimekudharau.

Nilifunga mlango nikasikiliza tena, peke yangu. Na nitakwambia ukweli maana umeuomba. Mara ya kwanza nilisikia ugonjwa mtupu. Kila pigo nililiuliza, na wewe unaumwa? Nikazima dakika ya nne. Nikaona labda hilo ndilo jibu lako, na nikaogopa kuliandika.

Halafu nikakumbuka daftari langu. Siku ile ya sakafuni, kabla ya kukuandikia, nilikuwa naandika ninachosikia, dakika kwa dakika. Nimeuchana ule ukurasa, uko humu ndani, una tarehe. Soma kwa macho yako. Dakika ya pili nimeandika, "Anakaa nyuma kama mtu anayekukaribisha upite." Dakika ya saba nimeandika, "Pigo linakuja nikiwa nimeshalikatia tamaa. Mtu asiguse hapa." Nilikuwa sijui kitu, shemeji. Hakuna aliyeniambia mgonjwa wala mzima. Yule Mwalimu wa Machi alikuwa na masikio tu. Huyu wa Mei alikuwa na huruma, na huruma ikamziba masikio.

Nikasikiliza mara ya tatu, na ukurasa ule mkononi. Ilikuwa nzuri. Ni nzuri. Ndiyo kazi bora kuliko zote nilizowahi kushika, na nilitaka kuipeleka kwa mtu mwenye mashine. Nisamehe. Huyo fundi nimemwambia asahau.

Sasa wimbo wa nne. Shule zinafungwa mwisho wa Juni. Tunakuja, sote watatu, na Nanga amekubali kusafiri kiti kimoja na Padri. Tutapiga kwa pamoja, chumba chako, mara moja, bila tiktik. Huko tulikotoka kila mmoja wetu alizoea kufuatwa, ndiyo maana tulishindwana. Safari hii tutakufuata wewe. Ukichelewa tutachelewa. Ukisimama tutasimama. Mguu ukigoma dakika ya sita, basi wimbo una dakika sita.

Ukikataa pia nitaelewa. Ila ukatae kwa herufi kubwa, niweze kusoma.

Mwalimu


7 Juni

Mwalimu,

Njooni.

Kidonge nakunywa saa mbili asubuhi. Kuanzia saa tatu na nusu hadi saa tano na nusu mkono unanisikiliza. Saa sita si wangu tena. Kwa hiyo kama Padri ana hotuba, aitoe usiku wa kuamkia siku hiyo.

Viti vya wakili vimekwisha lakini amekubali vikae hapa wiki moja zaidi, mpate pa kukalia. Mwambie Nanga asikalie kile cha mwisho, gundi haijashika.

Dada yako anauliza mnakula nini. Mimi simnunii tena, mwambie na wewe asijifiche jikoni.

Nimejaribu herufi kubwa. Hizi ndizo kubwa.

Msumari


15 Julai

Shemeji,

Tumefika salama. Nanga amelala njia nzima kwenye bega la Padri, na Padri hakusogea, amefika shingo imepinda. Ungeniambia mwaka jana kwamba nitaliona hilo, ningekuuzia gitaa.

Yaliyotokea mle ndani sina haja ya kukusimulia, ulikuwepo. Naandika kwa sababu ya kitu kimoja, na kinakuhusu wewe peke yako.

Bwana Sahani amesikiliza wimbo wa nne. Dakika ishirini na mbili. Amesema ni huo, hagusi kitu. Isipokuwa mwisho. Unajua ninachosema. Gitaa langu limekwisha, kinanda kimekwisha, limebaki lile pigo la kuangusha pamoja, na hapo kuna sekunde kumi na moja za kimya. Anasema anayesikiliza ataona umeisha, atainua sindano, na pigo lenyewe atalikosa. Anataka kuzikata, zibaki mbili.

Mimi nilikuwa nimekutazama. Mkono ulikuwa juu, fimbo hewani, na haukushuka. Niliuona uso wako, nikajua unaliita na haliji. Nanga alikuwa anaangalia vidole vyake. Padri alifumba macho. Mimi nilihesabu, kama kawaida yangu. Hakuna aliyekohoa, hakuna aliyeanza mbele yako. Sisi wanne, shemeji, ambao hatukuwahi kungojana hata kwenye chakula. Halafu mkono ukashuka, na sote tukashuka nao, sauti moja, na nilisikia sakafu ya karakana yako kwenye mifupa. Nimepiga gitaa miaka ishirini na mbili, na sijawahi kupiga pigo moja nikiwa na furaha kama ile.

Lakini sekunde zile ni zako. Watu wakizisikia, watauliza. Wengine watajua. Kama hutaki, zitakatwa leo hii, na sitakuuliza kwa nini, wala sitakupenda pungufu. Niambie tu.

Mwalimu


24 Julai

Mwalimu,

Msikate.

Msumari


2 Novemba

Mdogo wangu,

Santuri imefika, imezungushiwa sponji. Nimecheka, nikajua umejifunza kwake. Kwenye jalada, pale mlipoandika majina na kazi, nimeona mmeniandika na mimi: "Mlangoni: Dada." Basi nimepata cheo uzeeni.

Maana ni kweli, siku ile mimi sikuingia. Nilikuwa nje nazuia wateja wasigonge. Nilisikia mtetemo tu, vikombe vinacheza rafuni, mwisho wenyewe sikuujua ulikuwaje. Na hakuna aliyenisimulia. Mlitoka mle ndani nyote mmelowa jasho, mnakwenda kunawa, kama watu waliotoka kuhamisha kabati.

Muziki wenu unajua mimi siupendi. Miaka yote nasema ni makabati yanayoshushwa ngazini, na hii albamu ya pili ni makabati yale yale, ila wabebaji wamechoka zaidi. Lakini jana, karakana ilipofungwa, aliniomba tusikilize wote wawili. Tukakaa kwenye kochi la mteja, halijavikwa kitambaa, springi zinatuchoma. Mkono wake wa kulia ameulaza gotini kwangu. Ulikuwa unatetemeka, nimeshauzoea, siku hizi siushiki tena kuunyamazisha. Grafu yako ameirudisha ukutani, na chini yake ule ukurasa wa daftari, kwa hiyo nilikuwa na cha kuangalia.

Tukasikiliza upande wa kwanza. Akageuza mwenyewe. Tukasikiliza wa pili. Ule mrefu nilifikiri hautaisha, na nikiwa katikati nikagundua sikuwa nasubiri uishe. Sijui niseme nini zaidi ya hapo, mimi si mtu wa muziki.

Halafu kukawa kimya. Nikajua umekwisha. Nikainuka niinue sindano, maana ukiiacha inakwaruza. Akanishika gauni. Akasema, kwa hiyo sauti yake ndogo, "Bado."

Nikabaki nimesimama hivyo hivyo, nimeinama nusu. Na nikaelewa, mdogo wangu, bila kuambiwa. Nilijua ninachokingoja. Ni mkono ule ule ninaoungoja kila asubuhi ufunge kifungo cha shati. Zamani nilikuwa namfungia, nikaona inamuumiza, sasa nangoja. Nikangoja na pale. Nilikuwa sijui kwamba na ninyi mliwahi kuungoja, na kwamba sasa watu nisiowajua, katika nyumba zao, watasimama karibu na sindano zao waungoje pamoja na mimi.

Halafu pigo likaja. Rafu ya vikombe yote ikaitika.

Nikakaa. Nikamuuliza, sasa umekwisha? Akasema sasa umekwisha. Nikamwambia, uweke tena.

Akainuka. Ilimchukua muda kufika pale kwenye sindano, na sikumsaidia.

Dada yako